Mkunga Hayumo

Filamu iliyotokana na kitabu kimoja maarufu ilikuwa imefika nusu, na Mzee Songoro bado alikuwa akimngoja mkunga. Yeye aliishia darasa la pili, lakini marehemu mkewe, Zamda, alimsomea kitabu hicho chote mara tatu, na kila mara sauti ilimpanda alipofika kwa mkunga aliyekataa kuwachoma watoto wachanga muhuri wa serikali. Sasa pale kwenye ukuta wa ukumbi, gavana mwenyewe ndiye aliyeutupa muhuri, machozi yakimtiririka.

"Wamemfuta!" Songoro alifoka. "Wakubwa hawa! Hata kwenye hadithi, huruma wanajipa wao!"

"Keti, babu! Tunatazama!"

"Mnatazama nini, na mkunga hayumo?"

"Haya, tusimulie wewe, mheshimiwa," mwanamke mmoja alimtania, ukumbi ukacheka.

Songoro alisogea mbele, mwanga ukampiga usoni. "Muhuri ulikuwa mwekundu kwa moto," alianza, kwa maneno yaleyale ya Zamda, "na mkunga akaufumbata kwa mkono mtupu."

Kicheko kikakatika.

"Halafu?" yule mwanamke aliuliza, safari hii bila utani.

Pale ukutani gavana aliendelea kulia, lakini kivuli cha Songoro kilikwisha kumfunika uso.