Anzia Mpira Ukishatoka

"Anzia mpira ukishatoka," Curt alisema, kama anavyosema kila mwaka.

Arlen akabonyeza rimoti. Kwenye televisheni ya baa ya Merle, kanda ya zamani ya mpira wa Kimarekani ikaanzia mpira uliporushwa nyuma kuanzisha mchezo, na vijana wa chuo chao wenye jezi za kijani wakaanza kusukumana na wenye jezi nyeupe. Curt, enzi hizo mrushaji wa timu, akarudi nyuma na mpira mkononi, akitafuta wa kumrushia. Arlen, mlinzi wake wa kushoto, akaingia ndani kusaidia mahali palipojaa walinzi tayari. Mtu mmoja wa jezi nyeupe akapita nje, peke yake, bila hata kuguswa. Curt hakumwona.

"Simamisha hapo," alisema Virgil, mwenzao wa timu ile. "Mguu wako unaelekea wapi, Arlen?"

"Ndani."

"Na mtu yuko wapi?"

"Nje."

"Hata bibi yangu angemziba huyo, na nyonga zake za chuma!"

Baa nzima ikacheka. Mkuki kwa nguruwe. Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Novemba, mchana, theluji dirishani na jibini la kukaanga mezani. Miaka ishirini na minne sasa wanakutana siku hii kuchambua mchezo ule uliowavunjikia. Shingo ya Curt ilivunjika pamoja nao, yule wa nje alipomgonga, na tangu hapo hatembei wala hashiki kijiko.

Arlen hakumbuki kitu. Aligongwa kichwa katika purukushani ileile, siku nzima ikafutika. Amebakiwa na kumbukumbu ya mayai tu aliyokula asubuhi. Kosa lake amelijua kwa kuonyeshwa. Aliacha chuo, akahamia chumba cha nyuma kwa kina Curt, na ndiye anayemwosha, anayemlisha na kumgeuza kitandani usiku kucha. Mchumba wake alivumilia miaka minne, kisha akaolewa mbali, mji wa Duluth. Kila Novemba hushika rimoti mwenyewe, na kila Novemba huuliza swali lilelile.

"Lakini kwa nini niliingia ndani? Sikuwa mjinga kiasi hicho."

"Ulikuwa," Curt alisema. "Nipe mrija."

Arlen akamwekea mrija wa bia mdomoni, akamfuta kidevu.

Ndipo aliposimama Tess, ambaye alikuwa amerudi mjini wiki ile kumzika baba yake. Akatoa kanda ya video kwenye mkoba.

"Baba alipiga tarumbeta kwenye bendi ya chuo. Siku ile alirekodi akiwa nyuma ya goli. Nimeikuta darini." Akamgeukia Arlen. "Hii inaanza kabla mpira haujatoka."

"Kabla? Basi itaonyesha kwa nini. Iweke, dada. Nakuomba, iweke."

Merle aliipokea, akaigeuza, akasoma kilichoandikwa ubavuni.

"Kwanza kawashe gari lipate joto, Arlen. Curt ataganda. Tutakusubiri."

Arlen akatoka mbio bila koti. Inauma kumwona mtu mzima akitii hivyo.

Merle akaitumbukiza kanda kwenye deki.

"Si tumngoje?" Tess aliuliza. Picha ilikuwa imeshaanza.

Kelele za uwanja zilikuwa kubwa mno, hivyo wenye jezi za kijani walikuwa wakisemezana kwa mikono. Curt aliwahesabu wapinzani, akaona mmoja kazidi. Akasogea mstarini, akamgonga Arlen kiunoni mara mbili, akamwonyesha kwa kidole: ndani. Kisha akajipiga kifua. Ishara hiyo mji wote unaijua: huyo atakayebaki nje ni wangu, nitauachia mpira kabla hajafika. Mpira ukatoka. Arlen akaingia ndani alikotumwa. Curt akaung'ang'ania mpira, akingoja nafasi ya kurusha mbali, mrusho wa kushangiliwa. Sekunde moja, mbili, tatu, nne.

"Alimtuma!" Tess alisema. "Arlen alifanya alichoambiwa!"

Hakuna aliyesogea kutazama. Virgil alikuwa anabandua karatasi ya chupa yake. Curt alikuwa anatazama theluji.

"Binti," Merle alisema kwa upole, "mama yake Curt ana miaka themanini na mmoja. Leo saa tisa usiku nani ataamka kumgeuza huyu? Wewe?"

"Mimi kesho narudi Chicago."

"Ehe. Mimi nina baa. Virgil ana mgongo."

"Lakini ni dhambi, Merle."

"Ni dhambi," Merle alikubali, akazima televisheni.

Mlango ukafunguka. Arlen aliingia akihema, nywele zimejaa theluji. Aliiona televisheni imezimwa, akamkazia macho Tess.

"Mmeshaiona? Enhe? Kulikuwa na kitu?"

Tess akamtazama Curt, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Yaleyale, Arlen," alisema. "Pole."

Arlen akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Akamfunika Curt miguu kwa blanketi, akafungua breki za kiti cha magurudumu.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nilishakusamehe zamani," Curt alisema. "Sukuma."

Walipotoka, Merle akaitoa kanda kwenye deki, akavuta droo ya chini ya kaunta, akaiweka juu ya kanda nyingine tatu za mchezo uleule, zilizoletwa miaka iliyopita.