Mtoto Asitangulie Mhuri

"Marufuku kucheka," kinyozi alimwambia mkewe asubuhi ile, huku akifunga vifungo vya shati lake la harusi. "Wala usipige chafya. Ukiisikia inakuja, bana pua."

Mkewe alikuwa amejilaza kwa ubavu, tumbo limechukua nusu ya kitanda. Akaangua kicheko papo hapo.

"Unaona sasa! Mama, mwambie mwanao."

"Mimi simo," mama mkwe alijibu kutoka jikoni. Alikuwa amekuja kumwangalia binti yake hadi ajifungue, na mambo ya mkwewe aliyatazama kama sinema. "Huyo mtoto leo anapiga mateke kama ana ugomvi na mtu humo ndani. Nenda, baba, usichelewe."

Kinyozi hakuwa amerukwa na akili. Yeye na mkewe walikuwa wageni katika nchi ile, na miaka yote walikuwa wakiishi kwa vibali vya muda. Kimoja hakijazoeleka mfukoni, tayari kinataka kuombwa upya. Sasa ombi lake la ukaazi wa kudumu lilikuwa limekubaliwa. Kilichobaki ni kwenda ofisi ya uhamiaji, kula kiapo na kugongewa mhuri. Na sheria ya nchi ile haikuwa na kona: mtoto akizaliwa pale, mzazi wake akiwa na ukaazi wa kudumu, ni raia tangu pumzi ya kwanza. Akitangulia mhuri, ni mgeni kama wazazi wake, na ataanza kuombewa vibali hata hajaota meno.

"Mimi nimepanga foleni nusu ya umri wangu," kinyozi alizoea kuwaambia wateja, wembe mkononi. "Mwanangu hapangi."

Alikuwa kwenye ngazi za uhamiaji simu ilipolia.

"Uchungu umemshika," mama mkwe alisema. "Tumeshafika hospitali."

"Mwambieni asisukume!"

"Njoo umwambie mwenyewe," mama mkwe akasema, akakata simu.

Ukumbi ulikuwa umefurika, foleni imejikunja mara mbili kama utumbo. Kinyozi akapaza sauti. "Ndugu zangu, nisaidieni, mke wangu anajifungua!"

"Sasa mbona umekuja huku?" mzee mmoja mwenye kofia alimuuliza.

Akaeleza, pumzi juu juu. Hakuhitaji kueleza mara mbili. Wote pale walikuwa watu wa vibali, na kila mmoja alijua uzito wa mhuri. Wakampisha, wakamsukuma mbele, wakampokezana kama ndoo ya maji kwenye nyumba inayoungua. Bibi mmoja aliyekuwa wa kwanza dirishani akasogea kando. "Pita, mwanangu. Wangu mimi wameshaota mvi."

Dirishani hapakuwa na mtu. Koti la ofisa lilining'inia kwenye kiti, mwenyewe ameenda kunywa chai.

Foleni nzima ikaanza kugonga kioo. Ofisa akatokea mbio, biskuti mdomoni. "Kuna nini? Kunaungua wapi?" Akaelezwa na watu kumi kwa pamoja. Akaimeza biskuti bila kutafuna.

"Tulia, baba. Sheria haisemi siku ya kuzaliwa, inasema wakati wa kuzaliwa. Tukimtangulia hata kwa chafya moja, tumemtangulia. Nyoosha mkono wa kulia."

Kinyozi akanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ukaanza kutetemeka. Ilikuwa simu.

"Hongera, baba," alisema nesi. "Mvulana. Amelia mpaka wodi ya pili wamemsikia."

"Ameshatoka?"

"Ninaye hapa mikononi. Ngoja kwanza, naitwa." Simu ikakatika.

Kinyozi akashusha simu. Hakuna aliyehitaji kuuliza, uso wake ulikuwa umeshasema. Kiapo alikila kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia. Ofisa akaupulizia mhuri, akaugonga polepole, kama anayeomba radhi. Bibi wa foleni akampigapiga begani. "Si mzima? Basi. Nenda kamwone."

Njiani alitembea kichwa chini, akijaribu kutunga maneno ya kumwambia mtoto asiyemjua. Angeanzia wapi? Kwamba baba yako alifika dirishani, akaponzwa na kikombe cha chai? Aliona aibu kama aliyeahidi mbele za watu akashindwa.

Mlangoni mwa wodi alimkuta mama mkwe akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Moyo ukamlipuka, kisha akaona kwamba mama mkwe alikuwa anacheka. Jambo hilo lilimuudhi kuliko yote ya siku ile.

Nesi akaja, mikono ingali na maji. "Baba, mhuri umepata?"

"Nimepata. Lakini ulinipigia hata sijaapa. Nimechelewa, nesi, tuyaache."

"Tusiyaache. Saa tano ilikukuta wapi?"

"Njiani, nakuja huku. Mhuri umeshagongwa."

Nesi akatazamana na mama mkwe. "Basi amewahi."

"Nani amewahi?"

Nesi akavuta pazia. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, amechoka, anang'aa, na kila mkono una furushi lake.

"Huyu wa kulia ni mgeni, huyu wa kushoto ni raia," alisema. "Mkubwa akileta utundu, mdogo wake atamrudisha kwao."