Ndoa Inayoishia Darajani

Siku hizo ndoa ya wanawake wawili ilikuwa halali katika kaunti zilizoikubali tu. Ukivuka mpaka, inakoma. Nasimiyu na Kerubo walikuwa wameoana miaka tisa ng'ambo hii ya mto. Ng'ambo ya pili hawakuwa chochote.

Kerubo alianguka ghafla sokoni, ng'ambo ya pili, akalazwa huko huko. Nasimiyu alipofika, mlango wa wodi ulisoma kiganja chake, ukagoma kufunguka.

"Wanaingia jamaa tu, dada," mlinzi alimwambia kwa upole. "Hapa inaonyesha mgonjwa hajaolewa."

Jamaa aliyekuwemo ndani ni Omwoyo, kaka yake Kerubo, ambaye hakuwa amesema na dadake tangu harusi. Alitoka, akasimama mbali kidogo.

"Ananitaja?" Nasimiyu aliuliza.

"Anakuita tangu asubuhi," alijibu bila kumtazama. "Lakini sina uwezo wa kukuingiza. Rudi nyumbani, shemeji."

Neno hilo lilimponyoka. Hakuwahi kumwita hivyo, na hakulirudia.

Nasimiyu aliketi kwenye benchi la nje mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, wakamtoa. Akarudi kwa miguu. Alipovuka nusu ya daraja, simu ilitetema mkononi. Kaunti yake ilikuwa imebadilisha kumbukumbu zake saa mbili zilizopita. Palipoandikwa "yuko kwenye ndoa", sasa paliandikwa "mjane".

Saa mbili nzima, kwenye benchi lile na njiani, alikuwa akimwombea Kerubo apone.