Manyoya ya Kwale

Kwale mmoja, aliyeogopa kuchekwa kuliko kufa njaa, alihamia mjini akapata makao nyuma ya jaa la sokoni. Chakula kilikuwa cha kugombania, usingizi ulimpaa, na kwa mawazo akawa anajinyonyoa manyoya mwenyewe, hata kifua na mbawa vikabaki ngozi tupu.

Kunguru, mbeba salamu, akamkuta hivyo. “Masikini, Kwale! Niwaambie nyumbani unaumwa?”

“Thubutu!” akafoka Kwale. “Waambie huu ndio urembo wa mjini. Wenye nazo huku hawavai manyoya.”

Kipupwe kilipoingia, njaa na baridi vikamshinda. Akarudi kwao kwa miguu, kichwa chini, akitamani tu kujibanza katikati ya wadogo zake apate joto. Akawakuta wamejikunyata kiotani, wote uchi kama yeye, wanatetemeka, mama yao akihangaika kuwafunika.

“Tumependeza, kaka?” akauliza kitindamimba, sauti ikimkatika kwa baridi. “Ila tufundishe: huko mjini mnaistahimilije?”

Kwale akainua bawa afiche uso. Halikuwa na unyoya hata mmoja wa kumsitiri.