Kiganja cha Salha

Kwa siku tatu mashine ya chai ya wodi ya wazazi ilitoa maji vuguvugu, na wanawake waliotoka kujifungua wakanywa chai isiyokolea. Fundi aliyeletwa alikuwa Salha, mwanamke aliyepoteza usikivu ukubwani.

"Mashine inanguruma, yeye hasikii. Atajuaje ina nini?" msimamizi wa wodi, Bi Mwanahawa, alimnong'oneza mwenzake.

Salha aliisoma midomo yake. "Nitaigusa, sista," alisema.

Akaweka kiganja ubavuni mwa mashine, akafumba macho. Kiganja kilishuka taratibu, kikasimama pale mtetemo ulipobadilika. Akazima umeme, akafungua hapo hapo. Vali ya maji baridi ilikuwa imegandwa na chokaa, haifungi sawasawa, na maji baridi yalikuwa yakivujia kwenye ya moto. Aliisugua kwa siki, akairudisha, akawasha. Akageuza skrubu ya joto robo mzunguko, akagusa, akageuza tena kidogo tu.

Maji yakatoka yakifuka mvuke. Bi Mwanahawa alikinga kikombe cha kwanza, akamgeukia Salha na kusema polepole, ili midomo yake isomeke vizuri:

"Nisamehe, fundi. Hiki ni chako."

Salha alikipokea kwa mikono miwili, akakipeleka kitanda cha karibu, ambako mama aliyejifungua alfajiri alikuwa akijiinua kwa kiwiko.