Nungunungu na Miiba Iliyokataa Kulala

Nungunungu alikaa misimu mingi katika nchi ya simba, akichunguza maisha ya Digidigi. Aliporudi nyumbani, kila mkewe alipomkaribia, miiba ilimsimama yenyewe, kama vile bado anajihadhari na simba.

“Hivi huyo Digidigi na woga wake wote, ulimkaribiaje?” mkewe akauliza.

“Nilikaa mbali nikitafuna mizizi, bila kumtazama. Kila siku nikasogea kidogo.”

Kesho yake mkewe akaketi mlangoni, akatafuna muhogo huku ameangalia pembeni. Siku zikapita, naye akisogea, hata jioni moja Nungunungu akamwona yu karibu kabisa, na miiba imelala.

“Mama watoto! Hii si mbinu yangu?”

“Ni yako. Mimi nimesogea vya kutosha, baba watoto. Kipande kilichobaki ni chako.”

Nungunungu akasogea, akaumega muhogo wa mkewe.