Mikono ya Elihuruma

Tangu Elihuruma angali mdogo, mama yake, Namsifu, alikuwa akimrushia vitu jikoni bila kumwambia: kitunguu, chungwa, siku moja hata kikombe cha udongo. Hakuna kilichowahi kufika sakafuni. Ndivyo alivyokuja kuwa kipa wa timu ya chuo.

Muhula huu kocha alitaka mbio, akaamua kumbadilisha nafasi kwa kliniki. Siku hizi vyuo vyote hufanya hivyo: mchezaji hulazwa kliniki siku mbili, mazoea ya nafasi yake ya zamani yakatolewa mwilini, ya nafasi mpya yakatiwa. Elihuruma aliingia kipa, akatoka winga. Alikuja nyumbani mbio kutoka stendi, na hata jasho halikumtoka.

Namsifu akamrushia chungwa. Mikono ya kijana haikunyanyuka. Chungwa lilimgonga kifuani, likashuka, naye akalituliza kwa mguu, taratibu kabisa.

"Umeona, mama?" akacheka. "Kocha anasema huu mguu ni dhahabu."

"Nimeona, mwanangu. Na mikono?"

"Ipo. Inachelewa kidogo tu."

Dada yake akatoka chumbani na kichanga chake cha wiki tatu. "Haya, mjomba, mpokee mwenzio!"

Elihuruma akanyoosha mikono, uso umejaa furaha.

Namsifu hakutaka kumvunja moyo. Alipiga magoti mbele ya mwanawe, akakinga mikono yake chini ya ile ya kijana, vidole amevitanua, akangoja.